Upenyo wa Kinena

Refa akishahesabu hatua za mpira wa adhabu, wachezaji wanne au watano hujipanga ukuta mbele ya goli lao, na kabla filimbi haijalia mikono ya wote imeshashuka mahali pamoja. Hakuna kocha anayelifundisha jambo hilo. Uso una macho na meno, na shuti la karibu linaweza kumng'oa mtu jino. Kifuani kuna moyo. Hata hivyo mikono haiendi huko. Inakwenda kinenani, inapishana hapo, na jukwaani hakuna anayeshangaa. Hata mtoto wa chandimu, anayecheza na mpira wa makaratasi uchochoroni, hufanya vivyo hivyo.

Mikono hiyo inajua kitu ambacho vichwa vyetu havijakifikiria sana. Mwili umeuficha ubongo ndani ya fuvu, umeuzungushia moyo na mapafu mbavu, umeupitisha uti wa mgongo ndani ya pingili za mifupa. Ukifika chini ya kitovu, uangalifu huo unaonekana kuisha. Tumbo halina mfupa kwa mbele. Lina misuli tu, tabaka tatu kila upande, na nyuzi za kila tabaka zimeelekea kwake. Chini kabisa, pale paja linapokutana na tumbo, hata tabaka hizo zimeachia upenyo. Korodani, ambazo mustakabali wa ukoo mzima umewekwa humo, zinaning'inia nje ya ulinzi wote, na njia iliyozitoa nje imebaki nyuma yake. Kwa nini mahali penye thamani kubwa hivi pakawa ndipo pasipo na ukuta?

Jibu la haraka ni joto. Mbegu za kiume hazikomai vizuri kwenye joto la tumboni. Zinahitaji mahali pa baridi zaidi, kwa nyuzi mbili tatu hivi. Ni jibu la kweli, na shuleni lilitutosha. Lakini mtazame tembo. Korodani za tembo hazishuki kamwe. Zinakaa ndani ya tumbo, karibu na figo, mpaka anakufa, na tembo anazaa. Pimbi, yule mnyama mdogo anayeota jua kwenye miamba ya Serengeti, yuko hivyo hivyo. Nguva wa bahari yetu naye yuko hivyo hivyo, na wataalamu wa nasaba za wanyama wanatuambia kwamba hawa watatu, pamoja na kutofanana kwao kote, ni ndugu. Basi kulikuwa na namna nyingine ya kuishi. Joto linatueleza faida ya kutoka nje. Halituelezi kutoka nje kumetufanya viumbe wa namna gani, na hilo ndilo ninalotaka tulifikirie.

Tuanze na safari yenyewe. Korodani za mtoto wa kiume hazianzii mahali tunapozijua. Zinaanzia juu, nyuma ya tumbo, jirani na figo, kisha zinashuka taratibu. Kwenye mwezi wa saba hivi wa mimba zinaufikia ukuta wa tumbo, zinaupenya kwa mshazari na kuelekea kwenye mfuko wake. Kwa mtu mzima njia hiyo ina urefu wa sentimita 4 hivi, fupi kuliko kidole cha shahada. Pamoja na safari hiyo hushuka mfuko mwembamba wa utando wa tumbo, na kila tabaka linalopenywa hutoa kipande cha kuzifunika. Mfuko ule unatakiwa ujifunge safari ikiisha, na kwa kawaida hujifunga. Mara nyingine, hasa upande wa kulia ambako korodani huchelewa kushuka, haujifungi, na mtoto anazaliwa akiwa na njia iliyo wazi kati ya ndani ya tumbo lake na nje.

Kinachonishangaza zaidi ya upenyo ni neva. Mchezaji asipouwahi mpira kwa mikono ukampata, utaona hashiki pale alipopigwa peke yake. Anajikunja, anashika tumbo, wengine hutapika. Maumivu yamepanda. Yamepanda kwa sababu neva za korodani zilianzia kule juu jirani na figo, zikashuka nazo, na hazikuwahi kubadilisha makao. Kinachoumia chini hulalamikiwa kule kilikotoka. Na kinyume chake hutokea pia: mwenye jiwe la figo husema maumivu yanamshukia kinenani mpaka korodanini, ilhali korodani zake hazina tatizo lolote. Mtu ana miaka hamsini, ameoa, ameoza, ana wajukuu, na bado mwili wake unaijua njia aliyoipita kabla hajazaliwa.

Hapa inabidi tuseme kumbukumbu ni nini, maana tumezoea kuiweka kichwani tu. Mzee akituhadithia utoto wake tunasema anakumbuka. Lakini yupo pia mtu aliyehamia mjini zamani, akasahau jina la mto wa kwao na nusu ya lugha ya bibi yake, na bado akifiwa, watu wa kwanza kupigiwa simu ni wa kijijini. Yeye mwenyewe hakumbuki mengi. Uhusiano ndio unaokumbuka. Kumbukumbu ya aina hii ni njia iliyobaki wazi kati ya mahali pawili, hata aliyeipita akiwa ameshasahau kwamba aliwahi kupita. Kwa maana hiyo kinena ni mahali pa kumbukumbu. Kilichopita kimepita, lakini mahali kilipopita hapawezi kuwa sawa na mahali ambapo hapajawahi kupitwa na kitu.

Je, tuite hali hiyo kasoro? Watu wengi huita hivyo, na wakati mwingine madaktari nao. Mimi napenda kuitenganisha kasoro na udhaifu. Kasoro ni kukosekana kwa kitu kilichotakiwa kuwapo: mtoto akizaliwa bila kidole, hapo kuna kasoro. Udhaifu ninaouzungumzia ni gharama ya kitu kilichopo. Ukuta wa tumbo la mwanamume ni dhaifu kinenani kwa sababu uzao wake ulipita hapo. Takribani mwanamume mmoja kati ya wanne hupata ngiri ya kinena katika maisha yake, yaani utumbo au mafuta ya tumboni kuteleza kwenye upenyo huo na kutokeza uvimbe. Kwa wanawake, ambao njia yao hapo ni nyembamba na inapitisha hasa kano ya mfuko wa uzazi, ni kama watatu katika mia. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo bei ya ile safari.

Msomaji makini atanikatiza. Nenda kamwambie hayo mtu aliyelazwa, ambaye utumbo wake umenasa kwenye upenyo, damu haifiki, na asipopasuliwa ndani ya saa chache utumbo utaoza yeye akiwa hai. Mwambie kwamba udhaifu wake una maana. Ni ukatili. Nakubali, na pingamizi hili nalipa uzito kuliko hoja yangu mwenyewe. Kueleza chanzo cha jambo si kulihalalisha, na maana ninayoitafuta haimpunguzii mgonjwa hata chembe ya maumivu. Mwenye imani ataona hekima ya Muumba katika njia ile, mwingine ataona historia ndefu ya viumbe isiyomkusudia mtu yeyote, na wote wawili watakuwa kimya mbele ya kitanda kile. Kinachoweza kubadilika ni macho ya sisi tulio pembeni. Tukimwona kuwa mtu mwenye kasoro, tutamhurumia kwa mbali, kama mtu wa kabila lingine la maumbile. Tukijua kwamba upenyo ule ule tunao, wake umefunguka na wetu bado, umbali huo haupo tena.

Kuna jambo la kale zaidi ndani ya hili. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Waliozikanyaga walitembea kwa miguu miwili. Tukizisimulia nyayo hizo huwa tunasimulia ushindi: mikono ikawa huru, macho yakaona mbali. Ni nadra kumsikia mtu akisimulia kilichotokea tumboni. Mnyama wa miguu minne matumbo yake huegemea ukuta mpana wa tumbo. Aliyesimama wima ameugeuza mzigo huo wote ukaelekea chini, kwenye nyonga na kinena, mahali pale pale penye upenyo. Mara nyingi tunasema binadamu alisimama. Tuongeze kwamba tangu siku hiyo amejitwika mwenyewe, na kwamba mzigo wa kwanza aliowahi kuubeba kwa miguu miwili ni matumbo yake.

Kwa mwanamke hesabu ni nzito zaidi, nami nitaipita kwa ufupi kwa kuwa inastahili makala yake peke yake. Nyonga za kutembea wima hazikubali kupanuka bila kikomo, na kichwa cha mtoto wa binadamu ni kikubwa. Misuli iliyotandazwa chini ya kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa inadaiwa mambo mawili yanayopingana: ishikilie kila kilicho juu yake kwa miaka yote, na siku moja iachie binadamu mzima apite. Uchungu ukikwama siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama mpaka ikafa, na mama hubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila yeye kutaka. Wapo walioachwa na waume zao kwa ajili ya harufu hiyo. Mwili ulikwisha kulipa, na jamii ikaja kutoza mara ya pili.

Hilo la kutozwa mara ya pili ndilo ninalotaka kulikaribia, na njia ya kulikaribia inapita sokoni.

Simama alfajiri mahali ambapo malori ya viazi yanashusha. Mchukuzi anainama, mwenzake anamtwisha gunia, na kabla hajanyanyuka anavuta pumzi na kuizuia. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinashuka, misuli ya tumbo inakaza, mgongo unapata pa kuegemea. Nguvu inayobanwa tumboni wakati huo inasukuma kila upande, mpaka kwenye upenyo. Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo wanaanatomia wanalijua na ambalo mimi naliona ni zuri kuliko yote katika eneo hili la mwili. Misuli ile ile inayokaza tumbo ina nyuzi zinazopita juu ya upenyo kwa umbo la upinde, na zikikaza hushuka zikaubana. Kikohozi kinachoweza kuufungua upenyo ndicho kinachoufunga. Kunyanyua mzigo kunakoutishia ndiko kunakoulinda. Mwili unajua mahali pake palipo wazi na haukupaachia bahati tu.

Tunayaita yote haya juhudi, na tunapolitamka neno hilo tunafikiria nguvu inayotoka kwenda nje, kwenye gunia, kwenye jembe, kwenye kasia. Mimi nadhani juhudi ina nusu ya pili, nayo inakwenda ndani. Ni kazi ya kujizuia usipasuke wakati unapofanya kazi. Mchukuzi yule ananyanyua gunia, na wakati huo huo anajishikilia yeye mwenyewe asifunguke. Jasho la kazi ya kwanza tunaliona na tunalilipia, kwa bei ya kubishana. Kazi ya pili haionekani. Haimo kwenye mapatano, na yeye mwenyewe hajui kwamba ameifanya mpaka siku inaposhindwa.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia tulilolizoea ni la kilo 100, na lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, linazidi hapo, pamoja na kwamba Tanzania imelipiga marufuku. Nimefuatilia mabishano ya lumbesa kwa muda mrefu. Nimesikia mkulima akipunjwa, mnunuzi akilalamika, halmashauri ikidai ushuru wake. Kiuno na kinena cha aliyelibeba gunia lenyewe sijasikia vikitajwa.

Basi gunia ndilo linaloleta ngiri? Haiko rahisi hivyo, na nisingependa kumpa mtu lawama ya bure. Wako wengi ambao njia yao ilibaki wazi tangu tumboni mwa mama. Wapo waliobeba mizigo maisha yao yote wasiipate, na wapo makarani walioipata wakiwa wamekaa kwenye viti. Mara nyingi mzigo hauanzishi kitu, unafichua kilichokuwapo. Lakini kufichua si jambo dogo. Karani mwenye upenyo kama wa mchukuzi anaweza kuzeeka nao bila kuujua, akafa kwa jambo lingine, akazikwa akiwa mzima upande huo. Ukiutazama umaskini kutokea kinenani, unaona kwamba pamoja na kukosa fedha ni kuishi bila nafasi ya kuuficha udhaifu ambao hata wenye nafasi wanao.

Na aliyefichuliwa hujificha. Rafiki yangu ni daktari katika hospitali ya wilaya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na ananiambia kwamba kwake wanaume watu wazima hawaji na ngiri. Wanakuja na tumbo.

"Shikamoo, mzee wangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni tumbo tu."

"Upande gani, mzee?"

"Lote."

Mzee anautazama mlango. Muuguzi anatoka kwenda kuchukua faili, mlango unafungwa, ndipo mkono unaposhuka taratibu juu ya suruali. "Na hapa pia, kidogo. Ni siku kidogo." Siku hizo kidogo, daktari akizidi kuuliza kwa upole, huwa ni miaka. Humo ndani ya miaka hiyo mzee amejifunza kuurudisha uvimbe kwa kiganja akiwa amelala chali kila usiku, amejifunza kukohoa akiwa ameshikilia, ameshonesha suruali pana, ameacha kuoga mtoni na wenzake. Mkewe ama hajui ama amekubali kutojua.

Kinachomzuia mzee huyu ni haya au ni aibu? Naona ni vizuri kuvitofautisha. Haya ni heshima mtu anayoiwekea mwili wake kabla macho ya wengine hayajaufikia. Inamsitiri, na hakuna jamii yenye adabu inayoishi bila hiyo. Aibu ni hukumu anayojipa kwa kuwa anaamini wengine wangemhukumu hivyo wangejua. Haya humlinda mtu. Aibu humfanya mtu aulinde ugonjwa. Mzee alipoingia katika chumba kile na kusubiri muuguzi atoke, ilikuwa haya, na daktari mzuri anaijua na kuipisha. Miaka ile yote ya nyuma ilikuwa aibu.

Aibu hiyo haikuzuka hewani. Pwani utaambiwa kwamba kunywa madafu mengi kunaleta mabusha, na mtaani busha na ngiri huchanganywa kana kwamba ni ugonjwa mmoja, ingawa busha la pwani mara nyingi linaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Tazama pia mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: ngiri imeandikwa mstari mmoja na nguvu za kiume. Anayesoma anaelewa anachoambiwa, kwamba mwenye hiki amepungukiwa na kile. Huwa nasimama kulisoma bango la namna hiyo kwa mshangao, maana jambo lenyewe liko kinyume kabisa. Upenyo upo pale kwa sababu yeye ni mwanamume. Njia iliyompitisha kwenye uanaume wake ndiyo inayofanya aonekane si mwanamume kamili.

Binadamu amekuwa akitafuta namna ya kuufunga upenyo huu kwa muda mrefu sana. Tabibu Al-Zahrawi wa Cordoba, miaka elfu moja iliyopita, aliandika namna ya kuuchoma kwa chuma cha moto. Baada yake ilikuwa karne kwa karne ya mikanda ya kukandamiza uvimbe, ambayo haikumponya mtu. Kisha anatokea Mwitaliano mmoja ambaye maisha yake siwezi kuyapita haraka. Mwaka 1867, Edoardo Bassini, kijana aliyekwisha kuhitimu udaktari, alikwenda kupigana karibu na Roma upande wa wafuasi wa Garibaldi, akachomwa singe kinenani. Singe ilifika kwenye utumbo. Alitekwa, akaugua kwa miezi, akapona. Miaka 17 baadaye, akiwa daktari wa upasuaji huko Padua, alianza kufanya operesheni iliyokuja kuubadilisha ulimwengu: kuufungua mfereji wa kinena, kulitambua kila tabaka, na kuujenga upya ukuta wake wa nyuma. Ninajizuia kusema kwamba jeraha lake ndilo lililompa elimu. Watu wengi hujeruhiwa wasijifunze kitu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mkono wake, ulipokuwa ndani ya kinena cha mtu mwingine, ulikuwa mahali pageni.

Bassini alivuta kingo mbili na kuzishona pamoja, na kwa muda wa miaka mia hivi wengine wakafanya kama yeye, kila mmoja kwa marekebisho yake. Tatizo ni kwamba kilichovutwa hutaka kurudi kilikokuwa, na ngiri nyingi zilirudi. Ndipo baadaye madaktari wakaacha kuvuta. Wakalaza juu ya upenyo kipande cha wavu, wakakishikiza, wakakiachia mwili. Mtu asiyejua atadhani wavu ndio unaoziba. Wavu una matundu mengi kuliko nyuzi, na nyama ya mgonjwa mwenyewe hukua ikapenya humo, ikashikamana, ikawa ukuta. Kinachofanya kazi ni matundu. Naona hapa maana ya kutengeneza ikigeuka mbele ya macho yetu. Kwa mtazamo wa kwanza, kutengeneza ni kulazimisha mwili urudi ulivyokuwa kabla ya safari ile ya mwezi wa saba. Kwa mtazamo wa pili, ni kukubali kwamba safari ilifanyika, mahali pamebaki wazi, na kuupa mwili pa kushika ili ujenge kuanzia hapo.

Mwezi Januari 2016 jarida la kitabibu la New England lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani unaouzwa kwa zaidi ya dola 100, na nusu waliwekewa wavu wa aina inayotengenezewa vyandarua, usio na dawa ya mbu, uliotakaswa vijidudu, ambao gharama yake ni dola 1 hivi. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Nilipomsimulia jamaa yangu habari hii alikasirika. Alisema, kwa hiyo Mwafrika anashonewa chandarua? Hasira yake niliielewa, kwa kuwa tumeletewa vya bei nafuu vingi tukaambiwa vinatutosha. Ila nadhani hapa ilikosea mlango. Heshima ya mgonjwa haimo kwenye bei ya alichowekewa mwilini. Imo katika kupimwa kwa kipimo kile kile anachopimiwa mwingine, na kuambiwa ukweli wa matokeo. Wanaume wale wa Uganda walipewa hicho. Mchukuzi anayetwishwa kilo 120 kwa bei ya 100 hakupewa.

Kwa hiyo upande wa upasuaji njia imesafishwa: elimu ipo, wavu upo, na yule mzee aliyekuja na tumbo, mchukuzi wa sokoni, alipasuliwa na rafiki yangu, akatoka wodini akitembea. Siku ya kuruhusiwa daktari alimweleza masharti. Asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita.

"Wiki sita, mwanangu? Nile nini?"

Rafiki yangu hakuwa na jibu la hilo, kwa hiyo alifanya kile ambacho madaktari hufanya. Alichukua karatasi yenye nembo ya hospitali, akaandika kwamba mhusika amefanyiwa upasuaji na apewe kazi nyepesi kwa muda uliotajwa, akasaini, akagonga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Mzee aliigeuza karatasi huku na huku. Akauliza aipeleke kwa nani, kwa kuwa pale sokoni kila anayeteremsha lori ni mtu mwingine, na hakuna hata mmoja wao ambaye amewahi kuwa bosi wake.